Mechi 25 ni siku ngapi? Ratiba ya NBA na hesabu ya dawa zilizokatazwa

Februari 20, 2025, NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ikiwa ndiyo kwanza inarudi kutoka mapumziko ya katikati ya msimu ya All-Star, ilitoka taarifa fupi: Bobby Portis wa Milwaukee Bucks amefungiwa mechi 25 bila malipo. Alikutwa na tramadol. Hiyo si steroidi wala homoni, ni kidonge cha maumivu kile kile ambacho mtu huandikiwa akitoka kufanyiwa upasuaji. Wakala wake alisema Portis alidhani anameza Toradol, dawa nyingine ya maumivu ambayo inaruhusiwa na imezoeleka katika ligi hiyo. Ukiyasoma majina hayo mawili haraka huku mwili unauma, yanafanana vya kutosha.

Asubuhi ile kwenye kundi letu la WhatsApp, mwenzetu mmoja wa Eldoret, ambaye riadha kwake ni kama dini, akauliza: "Mechi 25 tu? Kipsang alikula miaka minne na hakukutwa na dawa yoyote." Alikuwa anamsema Wilson Kipsang, mtu aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni, aliyefungiwa mwaka 2020 kwa sababu wapimaji walimkosa mara kadhaa pale alipotakiwa kuwapo na maelezo aliyotoa baadaye hayakuwa ya kweli. Kundi zima likawaka. Wengine wakasema NBA inawabembeleza mastaa wake, wengine wakasema riadha inawaonea Wakenya. Mimi nilikwama kwenye neno moja tu: mechi. Kwa nini adhabu ihesabiwe kwa mechi? Na hizo mechi 25 ni siku ngapi?

Jibu ni kwamba inategemea ratiba. Portis alikaa nje siku 47, akarudi Aprili 8. Deandre Ayton, aliyefungiwa mechi 25 hizo hizo akiwa Phoenix mwaka 2019, alisubiri siku 54. Kuna mwingine, Jodie Meeks, ambaye mechi zake 25 zilianza msimu mmoja zikaenda kuishia mwingine. Kwa hiyo anayetaka kuelewa jinsi NBA inavyopambana na dawa za kusisimua misuli aanze na kalenda, ndipo aende maabara.

Timu ni 30 na kila moja hucheza mechi 82. Idadi hiyo ilianza msimu wa 1967-68, ligi ikiwa na timu 12 tu, na haijabadilika tangu hapo isipokuwa kwa dharura: mechi 50 msimu wa 1998-99 na 66 msimu wa 2011-12 baada ya wamiliki na wachezaji kugombania mapato, kisha 72 msimu wa 2020-21 kwa sababu ya korona. Hesabu yenyewe ni nzuri ukiifungua. Chukua hao hao Milwaukee. Wapo Kanda ya Mashariki, kwenye divisheni moja na Chicago, Cleveland, Detroit na Indiana. Kila mmoja wa majirani hao wanne hukutana nao mara nne, zinakuwa mechi 16. Zinabaki timu kumi za Mashariki: sita wanacheza nazo mara nne nne, yaani 24, na nne wanacheza nazo mara tatu tatu, yaani 12. Halafu timu zote 15 za Magharibi mara mbili mbili, nyumbani na ugenini, zinakuwa 30. Jumlisha: 82.

Kwenye karatasi inakaa sawa. Shida huanza unapotakiwa kuzipachika mechi hizo kwenye siku zilizopo, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Aprili, miezi isiyofika sita. Viwanja vingi si vya kikapu peke yake. Madison Square Garden ya New York inatumiwa na Knicks pamoja na timu ya magongo ya barafuni, na katikati hapo kuna matamasha ya muziki. San Antonio wana kisa kinachonifurahisha kila mwaka: Februari uwanja wao unachukuliwa na rodeo, maonyesho ya kupanda farasi na mafahali, na Spurs inabidi wafungashe waende ugenini kwa wiki kadhaa. Timu ya mabingwa mara tano inapisha ng'ombe! Weka juu yake televisheni, ambazo zinataka mechi kubwa siku fulani na Krismasi nzima iwe yao, na mkataba wao mpya ulioanza msimu wa 2025-26 ni wa miaka 11 na thamani ya karibu dola bilioni 76. Tangu 2023 kuna pia Kombe la NBA katikati ya msimu, ndiyo maana Agosti ratiba ikitoka kila timu inapewa mechi 80 tu. Mbili za mwisho zinasubiri nani kafuzu kwenye kombe na nani katolewa.

Kinachotoka humo ni msimu wenye mechi za kufuatana usiku baada ya usiku. Siku hizi kila timu hupata karibu 14 au 15 za namna hiyo kwa msimu. Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Mpaka msimu wa 2017-18 ndipo ligi ilipofanikiwa kuondoa kabisa mechi nne ndani ya siku tano, na ili kuziondoa ikalazimika kuanza msimu mapema zaidi. Kumbuka pia kwamba Marekani ni nchi kubwa. Kutoka Portland hadi Miami ni zaidi ya kilomita 4,000, karibu sawa na kuruka kutoka Dar es Salaam hadi Lagos, na mchezaji anashuka huko saa zikiwa zimesogea tatu mbele.

Sisi wa upande huu wa Bahari ya Hindi tunaonja kidogo adha hiyo. Mechi ya New York ya saa moja na nusu jioni kwao inatukuta saa tisa na nusu usiku kipindi cha baridi yao, na ile ya Los Angeles inaanza wakati muadhini ameshamaliza na chai iko jikoni. Ukikesha mara mbili mfululizo ofisini wanakushangaa. Sasa fikiria mtu wa kilo 110 anayeruka, anagongwa na kuanguka sakafuni usiku wa leo, anapanda ndege saa sita usiku, anaingia hotelini alfajiri, na kesho yake anaruka tena.

Hapo ndipo dawa zinapoingia. Kwa miaka mingi nimesikia hoja kwamba kikapu ni mchezo wa ustadi, kwamba steroidi haiwezi kukufundisha kutumbukiza mpira kutoka mbali, kwa hiyo hakuna wa kudanganya. Hoja hiyo inasahau kwamba dawa nyingi za kisasa hazitafutwi kwa ajili ya kukupa misuli ya mnyanyua vyuma. Zinatafutwa ili upone haraka. Tazama walionaswa walikutwa na nini. Wilson Chandler, Agosti 2019: ipamorelin. John Collins wa Atlanta, Novemba mwaka huo huo: peptidi iitwayo GHRP-2. Meeks, 2018: zote mbili. Tristan Thompson, Januari 2024: ibutamoren pamoja na LGD-4033. Joakim Noah, 2017: LGD-4033 hiyo hiyo.

Majina magumu, lakini kazi yake haina siri. Ipamorelin, GHRP-2 na ibutamoren zinaisukuma tezi ndogo iliyo chini ya ubongo itoe homoni ya ukuaji kwa wingi zaidi, na watu huzitafuta kwa kuamini zinaharakisha kupona na kuleta usingizi mzito. LGD-4033 inaiga kazi ya testosteroni kwenye misuli na mifupa. Nyingi ya dawa hizi zinauzwa mtandaoni kama "virutubisho" au "bidhaa za utafiti", kwenye chupa yenye lebo nzuri. Ukiisoma orodha hiyo ya walionaswa unaona miili iliyochoka na msimu, au iliyotoka kwenye majeraha, inayotafuta njia ya mkato. Simtetei mtu. Nasema tu kwamba mechi ya 60 inapokaribia na goti halitaki kukunjuka, kishawishi kinachokuja ni cha kupona.

Mfumo wa NBA wa kupima, hata hivyo, haukuanzishwa kwa ajili ya kishawishi hicho. Ulizaliwa mwaka 1983 kwa makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji, na adui aliyekuwa akilengwa ni kokeini. Miaka ile unga ulikuwa umeingia vyumbani kwelikweli. Februari 1986 Micheal Ray Richardson, nyota wa New Jersey, alifukuzwa kwenye ligi baada ya kukutwa nao mara ya tatu. Juni mwaka huo huo Len Bias, kijana aliyechaguliwa wa pili na Boston Celtics kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya, alikufa kwa kokeini siku mbili tu baada ya kuchaguliwa. Kwa hiyo hadi leo sheria ya NBA ina sura mbili zisizofanana. Anayekutwa na dawa za kulevya kama kokeini au heroini anafukuzwa, na kwa kawaida hawezi kuomba kurudi kabla ya miaka miwili kupita; O.J. Mayo mwaka 2016 na Tyreke Evans mwaka 2019 waliondoka hivyo. Anayekutwa na dawa za kusisimua misuli, ambazo ziliongezwa kwenye orodha mwaka 1999, anafungiwa mechi. Bangi nayo iliondolewa kabisa kwenye orodha na mkataba wa 2023.

Neno mkataba hapo ndilo la kushika. Kanuni za dawa za NBA hazitungwi na shirika la michezo la dunia. Zimo ndani ya mkataba wa hali bora kati ya wamiliki wa timu na chama cha wachezaji, kurasa chache kutoka kwenye mishahara na likizo. Ni suala la mwajiri na mwajiriwa. Ndiyo maana idadi ya vipimo ilijadiliwa mezani kama marupurupu yanavyojadiliwa: mkojo hadi mara nne kwa kushtukiza ndani ya msimu na hadi mara mbili wakati wa mapumziko, na damu kwa ajili ya homoni ya ukuaji, iliyoanza kupimwa msimu wa 2015-16, mara mbili ndani ya msimu na moja nje ya msimu. Kukiwa na sababu ya kumshuku mchezaji, anaweza kupimwa zaidi.

Mara nne inasikika nyingi mpaka uiweke kwenye kalenda. Baadhi ya steroidi hubaki mwilini kwa wiki au miezi, hizo zitanaswa. Lakini homoni ya ukuaji ikiingizwa mwilini inapotea kwenye damu upesi, na kipimo cha kawaida kinaweza kuiona kwa siku moja au mbili hivi, si zaidi sana. Damu mara mbili katika siku 170 na ushei ni wavu wenye matundu ambayo hata mvuvi wa dagaa angekataa kuununua. Kwa upande mwingine, ndani ya msimu mpimaji ana faida moja ambayo wa riadha hana: ratiba inamwambia wapi kila mchezaji atakuwa kila siku kuanzia Oktoba hadi Aprili. Mkimbiaji wa Iten anaweza kuwa popote milimani, ndiyo maana kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizi michezoni, zinamtaka aliye kwenye kundi la kupimwa aandike kila siku saa moja na mahali atakapopatikana, na akikosekana mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa kamili hata kama mkojo wake ni msafi kama maji ya chemchemi. Hicho ndicho kilichomkuta Kipsang. NBA haina utaratibu wa saa moja kila siku. Msimu ukiisha, wachezaji wanatawanyika, mmoja kwao Los Angeles, mwingine Belgrade, na vipimo viwili vya mkojo na kimoja cha damu ndivyo vinavyowafuata.

Watu wananiuliza kama hii ina maana NBA imejaa wadanganyifu. Walionaswa ni wachache, na uchache huo unaweza kusomwa pande zote mbili. Mimi siusomi upande wowote.

Sasa turudi kwenye mechi 25. Kwa dawa za kusisimua misuli, kosa la kwanza ni mechi 25, la pili 55, la tatu ni kufukuzwa. Zamani ilikuwa nyepesi zaidi: Rashard Lewis mwaka 2009 alipewa kumi, Hedo Turkoglu mwaka 2013 akapewa 20. Mshahara unakatwa kwa kila mechi, lakini kwa kila moja kinachokwenda ni sehemu moja ya 110 ya mshahara wa mwaka, ingawa mechi za msimu ni 82. Ayton alipoteza karibu dola milioni 2.2, Portis zaidi ya milioni 2.8. Ni fedha nyingi kwa yeyote, ila ukiangalia vizuri utaona mtu amekosa asilimia 30 ya msimu na amekatwa asilimia 23 tu ya mshahara.

Kisha wakati. Ayton alicheza mechi ya ufunguzi Oktoba 23, 2019, akafunga pointi 18 na kuchukua rebaundi 11, kesho yake akafungiwa. Timu yake ilikuwa na miezi minne mbele ya kumtumia baada ya kurudi. Portis alitoweka katika kipindi ambacho timu zinagombea nafasi, akarudi Aprili 8 msimu ukiwa umebakiza siku tano, moja kwa moja kwenye mtoano, ambako Milwaukee walitolewa na Indiana kwa mechi 4 kwa 1. Kwa Noah ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti. Mechi haihesabiki kama mchezaji hana uwezo wa kucheza, kwani mtu hawezi kutumikia adhabu akiwa kitandani. Sehemu ya mechi zake 20, adhabu ya wakati ule, ikaliwa mwisho wa msimu ule, nyingine ikasubiri ufunguzi wa uliofuata.

Kuna adhabu nyingine ambayo haikuandikwa kama adhabu. Kuanzia msimu wa 2023-24, ili kuwazuia mastaa wasipumzishwe ovyo, ligi iliamua kwamba anayetaka kuwania tuzo kubwa, ikiwemo ya mchezaji bora, lazima awe amecheza angalau mechi 65. Toa 25 kwenye 82, zinabaki 57. Kwa hiyo mchezaji akifungiwa mechi 25 zote ndani ya msimu mmoja wa kawaida, tuzo za mwaka huo zimeshampita hata kama atacheza kama malaika mechi zote zilizobaki. Kwa staa ambaye mkataba wake ujao unapanda kwa kutajwa kwenye kikosi bora cha mwaka, hilo linaweza kuuma kuliko makato yenyewe.

Sisi huku tunaifuata NBA kwa sababu zetu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili na Memphis mwaka 2009, Bismack Biyombo ametoka Lubumbashi, Jonathan Kuminga amezaliwa Goma. Lakini vijana wengi wanaocheza kikapu Kigali, Nairobi au Goma hawako chini ya mkataba wa NBA. Wakivaa jezi ya taifa kwenye AfroBasket wako chini ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, na FIBA inafuata kanuni za WADA. Hata mastaa wa Marekani wakienda Olimpiki inabidi waingie chini ya kanuni hizo kwa kipindi hicho. Chukua kijana wa Goma aliyenunua chupa ya "kirutubisho" chenye ipamorelin ndani yake. Kwa WADA, kianzio ni miaka minne, na ni juu yake kuthibitisha kwamba hakukusudia. Kwa NBA, chupa ile ile ni mechi 25.

Ndiyo maana nikamjibu mwenzetu wa Eldoret kwa kisa cha Meeks. Alifungiwa Aprili 2018 akiwa Washington, mtoano ukiwa mlangoni. Mechi za mtoano nazo zinahesabika, kwa hiyo Washington walipocheza sita na Toronto kabla ya kutolewa, sita zikafutika. Zikabaki 19. Kisha yakaja mapumziko marefu, karibu miezi sita bila mechi hata moja ya kuhesabu, na Oktoba akauzwa Milwaukee akiwa bado na deni lake mkononi, kama mtu anayehama nyumba na bili ya umeme. Deni likaisha mapema kwenye msimu mpya. Mwanzoni mwa 2019 Toronto, wale wale waliowatoa Washington, wakamsajili, na Juni wakatwaa ubingwa mbele ya Golden State. Meeks akapata pete. Angekuwa mkimbiaji aliyepewa miaka minne kuanzia Aprili ile ya 2018, usiku Toronto wananyanyua kombe angekuwa bado na karibu miaka mitatu ya kusubiri.

Mwenzetu alisoma, akakaa kimya kidogo, akajibu: "Basi Kipsang alikosea mchezo."